Ulikimbia Hesabu, Ikakungojea ku Kasapa

Kijana msomaji, unakumbuka siku ile majibu ya Egzeta yalipotoka? Simu ililia, mtu akapiga kelele mu lupango, na mbele hujajua vizuri umepata asilimia ngapi, yaya yako alikuwa tayari anakumwangia poda kichwani. Watoto wa jirani walikufuata mpaka ku barabara. Mama alilia kwa furaha. Baba, yeye asiyesema mingi, alisema neno moja tu: «Sasa, iniversite.»

Ukachagua: psikoloji, ao sosioloji, ao ekonomi. Na ndani ya moyo ulikuwa na furaha ya pili ambayo hukumwambia mtu: hesabu imekwisha. Miaka yote ulisoma Latin-Filo ao Pedagojia, na hesabu ulikuwa unaivuka kama mtu anavuka mtaro wa maji machafu, kwa kuruka. Sasa mmeachana kabisa.

Halafu juma la pili ao la tatu, kule Kasapa, ndani ya oditware iliyojaa mpaka wengine wanasimama ku madirisha, profesa aligeukia ubao na kuandika alama moja kama herufi E iliyovunjika mgongo: Σ. Watu wote wakakopia. Ukamuuliza wa pembeni yako: «Ile ni nini?» Akajibu bila kuinua kichwa: «Sijue. Andika tu.»

Habari hii ni kwa ajili yako wewe uliyeandika tu. Na kwa baba na mama wanaolipa.

KWA NINI HESABU MU MASOMO YA WATU?

Jina la somo linabadilika kufuatana na fakilte. Mu ekonomi kwa kawaida wanaita Matematike Jenerali. Mu psikoloji na mu sosioloji inakuja na jina la Statistike. Wanafunzi wengi wanaiona kama azabu. «Miye nilikuja kusoma mambo ya bantu, banatuletea tena mambo ya manamba!» Umesikia maneno hayo, labda kinywani mwako mwenyewe.

Basi tuseme umemaliza masomo, uko psikologe ku shule moja ya Likasi. Umewapa watoto wa kalasi mbili jaribio moja la kusoma. Kalasi ya kwanza imepata 12 juu ya 20, ya pili imepata 13. Mkurugenzi anakuita ku biro: «Ule mwalimu wa kalasi ya kwanza hajue kazi, ni vile?» Mkate wa mtu na wa watoto wake uko ndani ya jibu lako. Tofauti ya alama moja inaweza kutoka kwa mwalimu. Inaweza pia kutoka kwa watoto watatu waliokuja asubuhi hiyo bila kula. Utajuaje? Kwa moyo mzuri peke yake huwezi kujua. Kuko njia ya kupima kama tofauti ni kubwa ya kutosha ao ni bahati tu, na njia hiyo inaanzia ku ile Σ.

Na Σ yenyewe? Ni neno moja: jumlisha. Hakuna siri ingine. Wagiriki waliiandika herufi yao ya S, wenye hesabu wakaichukua kusudi wasiandike kila mara «chukua hii, ongeza ile, ongeza tena ile ingine». Kama mtu angekuambia hivyo siku ya kwanza, ungelala vizuri.

MIFUKO MIWILI

Ninyi wa Kolwezi, wa Kipushi, wa Ruashi, mnajua jambo hili kuliko vitabu. Mchimbaji analeta mifuko miwili ya kobalti ku depo. Wanaipima kwa mashine ile wanaita Metorex, ambayo inasema asilimia ya madini iliyo ndani ya mawe. Mfuko wa kwanza una kilo 70, na mashine inasema asilimia 6. Mfuko wa pili una kilo 30, mashine inasema asilimia 2. Mnunuzi anafanya hesabu mbele yake, mbio mbio: «Sita na mbili ni nane, gawa kwa mbili, ni ine. Nitakulipa asilimia ine.»

Inaonekana haki. Hesabu iko pale, kila mtu ameiona.

Sasa tufanye polepole. Asilimia 6 ya kilo 70 ni kilo 4,2. Asilimia 2 ya kilo 30 ni kilo 0,6. Jumla ni kilo 4,8 za kobalti ndani ya kilo 100 za mawe. Kwa hiyo ni asilimia 4,8, hapana 4. Kilo 0,8 imebaki ku upande wa mnunuzi. Ni sehemu moja ya sita ya kobalti yote ya mtu huyu, imepotea bila mashine kusema uongo hata mara moja. Mara nyingi tunalalamikia mashine, na pengine kweli iko sababu. Lakini hapa mashine ilisema vizuri, ni mgao kwa mbili ulioiba.

Kosa liko wapi? Mnunuzi alihesabu mifuko miwili kama ni sawasawa, na mmoja una uzito wa mara mbili na zaidi kuliko mwenzake. Kila namba ilipaswa kubeba uzito wake. Profesa anaita hiyo moyene pondere. Wewe ulikopia maneno hayo mawili mu kayee na ulifikiri ni kitu cha Ulaya. Ni mfuko wa baba yako.

Na ngoja, kuko jambo lingine linalokugusa wewe mwenyewe. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, mfumo wa LMD ulipoenezwa mu vyuo vikubwa vya Kongo, kila somo liko na krediti zake. Krediti ni uzito. Tuseme, kwa mfano tu, umepata 7 mu statistike yenye krediti 6, umepata 13 mu somo lenye krediti 3, na 14 mu lingine lenye krediti 1. Unaenda nyumbani unasema: saba, kumi na tatu, kumi na ine, jumla 34, gawa kwa tatu, ni 11 na kitu. Nimepita! Mama anapika kuku. Kumbe hesabu ya kweli ni hii: 7 mara 6 ni 42, 13 mara 3 ni 39, 14 mara 1 ni 14. Jumla 95, gawa kwa krediti 10. Uko na 9,5. Kuku ameliwa bure.

Ndiyo sababu mtu asiyeelewa somo hili hawezi hata kujua kama limemwangusha.

MEKA YA KUMI

Tunasikia tena neno hili mu familia zetu: hesabu ni ya wanaume. Msichana akianguka mu statistike, watu wanamwambia pole na kumwachia njia ya kutoka: «Haizuru, mama, hesabu haiko ya banamuke.» Kijana mwanaume akianguka, wanamwambia arudilie.

Twende basi ku soko ya Kenya, mbele ya mama anayeuza bunga. Tutatumia bei rahisi kusudi tuone vizuri, hapana bei ya leo. Mama amenunua mfuko mmoja franka 30.000. Amelipa pusi-pusi franka 2.000, na nafasi ya soko franka 1.000. Jumla 33.000 imetoka mu mfuko wake mbele hajauza kitu. Anapata meka kumi ndani ya mfuko, na kila meka anauza 3.500.

Mtu anapita anaona mama ameisha kuuza meka tisa, anasema: «Leo mama umepata!» Mama anacheka tu. Yeye anajua. Meka tisa ni franka 31.500. Bado hajarudisha hata ile aliyotoa. Ku meka ya kumi ndipo anafika 35.000, na faida ya siku nzima, franka 2.000, iko yote mu meka ile moja ya mwisho. Ndiyo maana jirani akija saa kumi na moja kusema «Mama, nipe ile ya mwisho, nitalipa kesho», mama anakataa, na watu wanasema ana moyo mgumu.

Mama huyo hakuandika y = 3.500x – 33.000. Lakini ndiyo aliyoifanya. Ile x ni meka alizouza, ile y ni kinachobaki mkononi. Mtoto wake wa mwaka wa kwanza mu ekonomi anatetemeka mbele ya msitari huo huo ku ubao, na kisha anarudi nyumbani kula bukari iliyotoka ndani yake. Kama wewe ni binti wa mama huyo na umepanga kuacha masomo juu ya hesabu, kaa naye ku soko siku moja mbele hujaamua, na kayee mkononi.

Lingine ambalo tunasikia ni kwamba hesabu ililetwa na Wazungu. Mu mwaka wa 1950 mjuzi mmoja wa mawe na udongo, Mbelgiji Jean de Heinzelin, alichimbua mfupa mdogo kule Ishango, pahali mto Semliki unapotoka mu ziwa Edward, ndani ya inchi yetu. Wataalamu wanaupa miaka karibu 20.000. Umekatwa alama ndogo ndogo kwa mafungu, ku misitari mitatu. Msitari mmoja una 11, 13, 17 na 19. Jumlisha: 60. Mwingine una 11, 21, 19 na 9. Jumlisha tena: 60. Wa tatu unafika 48. Wajuzi bado wanabishana kama yule aliyeukata alikuwa anahesabu siku za mwezi, ao kitu kingine, ao alikuwa anatengeneza tu pahali pa kushika vizuri. Mfupa wenyewe uko Brussels. Hatusemi kwamba utakusaidia mu ekzamen. Lakini mtu akikuambia tena kwamba hesabu haiko ya kwetu, muulize kama anajua Ishango.

MASHIMO MAWILI

Kuko neno lingine linalowaogopesha wanafunzi kuliko yote: ekar-tipe. Tulione kwa ufupi.

Wachimbaji wawili wanafanya kazi majuma matano. Wa kwanza anapata kila juma dola 20. Wa pili anapata 0, kisha 60, kisha 0, kisha 10, kisha 30. Jumla ya kila mmoja ni dola 100, na wastani wa kila mmoja ni 20. Kwa wastani watu hawa ni sawasawa. Uliza wake zao kama ni sawasawa.

Ekar-tipe ndiyo namba inayosema kile wake zao wanajua. Unaangalia kila juma iko mbali gani na 20: kwa mchimbaji wa pili ni 20, 40, 20, 10 na 10. Unazidisha kila moja kwa yenyewe: 400, 1.600, 400, 100, 100. Jumla 2.600, gawa kwa 5, ni 520. Halafu unatafuta mzizi wake, karibu 22,8. Kwa mchimbaji wa kwanza ekar-tipe ni 0. Basi ni hiyo tu. Mtu akikupa wastani bila ekar-tipe, amekupa nusu ya habari, na mara nyingi ile nusu inayomfaa yeye.

WAZAZI, NINYI MLISHA KUSOMA MAPUWISANSI

Wazazi wengi wanasema: «Mutoto, miye sikusoma, siwezi kukusaidia.» Tunawaomba wasijishushe. Mnakumbuka mwaka wa 1993, wakati Zaire mpya ilipoingia? Zaire mpya moja ilikuwa sawa na zaire za zamani milioni 3. Kisha mu Juni 1998 ikaja franka ya Kongo, na franka moja ilikuwa sawa na Zaire mpya 100.000. Sasa mwite mtoto, mwulize: franka moja ile ilikuwa zaire za zamani ngapi? Milioni ni 10⁶. Laki moja ni 10⁵. Ukizidisha, unaongeza tu vile vinamba vidogo vya juu: sita na tano ni kumi na moja. Kwa hiyo ni 3 × 10¹¹, yaani milyari 300. Mlibeba feza mu mifuko ya karatasi kwenda kununua sabuni; hakuna profesa anayeweza kuwaeleza mapuwisansi kuliko hayo.

Na kuko hesabu moja ambayo mzazi anapaswa kuifanya mbele ya mtoto, hapana nyuma yake: ile ya Banki Lamberi. Mtoto ameanguka, sherti arudilie mwaka, feza ya masomo hakuna, mzazi anakopa dola 100 kwa mtu wa mtaa kwa faida ya asilimia 30 kila mwezi. Asipolipa, mwezi wa kwanza deni ni 130. Mwezi wa pili si 160, ni 169, kwa sababu asilimia 30 inakula pia ile 30 ya kwanza. Mwezi wa tatu ni 219,70. Mwezi wa sita ni dola 482 na zaidi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaita hiyo suwiti jeometriki na wanaona ni maneno matupu. Ku nyumba zingine imekwisha kuuzisha mashini ya kushona, ao friji.

MATUNDU MACHACHE TU

Kama ni rahisi hivyo, kwa nini tunaanguka? Tuseme kweli bila kumwonea mtu.

Mara nyingi somo la iniversite si ndilo linaloangusha. Ni matundu yaliyobaki nyuma. Tunajua shule moja ambako mwalimu wa hesabu aliacha kuja muda wa miezi mitatu, kwa sababu hakulipwa, na mwisho wa mwaka kila mtoto alikuwa na alama zake ku buletini kama kawaida. Alama zilitoka wapi? Watoto wenyewe hawajui mpaka leo. Mtoto kama huyo akifika Kasapa, profesa anaandika sehemu mbili zenye vigawanyo tofauti na kuzijumlisha kwa nukta moja, bila kueleza, kwa kuwa anafikiri ni jambo la kalasi ya chini. Mwanafunzi anapotea pale pale, na anafikiri amepotea ku statistike. Hapana. Amepotea ku sehemu.

Matundu hayo si mingi. Kwa kawaida ni matatu: sehemu, alama ya kutoa mbele ya mabano, na kuhamisha namba kutoka upande mmoja wa usawa kwenda wa pili. Azima kitabu cha mdogo wako, kile cha miaka ya kwanza ya sekondari. Usione haya. Fanya mazoezi kumi kila siku, mu majuma matatu ya kwanza, mbele masomo hayajakwenda mbali. Umeme ukikatika, fanya mchana.

Silabusi nayo ina mtego wake. Utaiona ina mazoezi na majibu, na utajaribiwa kuyashika kwa kichwa kama masomo mengine. Lakini ekzamen itakuja na namba zingine. Afazali ufunike jibu kwa karatasi, ufanye mwenyewe mpaka mwisho, kisha ufunue. Ukikosea, usifute kosa. Liache pale, uandike pembeni ni wapi uligeuka vibaya. Na saa za TP, ambazo wengi wanakimbia kwa sababu asistanti anaita watu ku ubao, ndizo saa zenye faida kuliko zote. Tafuta pia mwenzako aliyetoka Math-Fizike, mkae wanne jioni, lakini mwombe aulize maswali, asiwafanyie. Ukimwacha afanye, yeye ndiye atakayeelewa mara ya pili.

Kuko na mtu mwingine atakayekukaribia ku mwisho wa semestri, akisema kwa sauti ya chini kwamba mambo «inaweza kutengenezwa», ukileta kitu kidogo. Tunamwambia kijana jambo moja tu la kazi: mwaka unaofuata statistike inarudi tena, ngumu zaidi, na siku ya kuandika kazi yako ya mwisho inarudi mara ya tatu. Utanunua mara ngapi?

Na ninyi wazazi, mtoto akirudi na 7, mbele ya kupiga kelele ombeni kuona karatasi yenyewe. Angalieni pamoja ni wapi aliacha. Mtu anaweza kuwa amefanya vizuri msitari kwa msitari, kisha akasahau alama moja ya kutoa. Mtoto huyo anahitaji zoezi. Mwingine aliacha karatasi nyeupe tangu juu. Huyo anahitaji mtu wa kuanza naye kutoka kitabu cha mdogo wake.

Jumamosi hii mwiteni ku meza, mtoeni simu mkononi, mpeni kalamu na mifuko mitatu: kilo 40 za asilimia 5, kilo 25 za asilimia 3, na kilo 35 za asilimia 2. Aseme yote pamoja ni asilimia ngapi. Akijibu 3,33, mrudishieni karatasi. Ni 3,45.